Wifi Hafai

2 Machi

Masika yameingia na hasira zake. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, amepiga simu akilia: paa la nyumba aliyopanga limeng'oka upande mmoja, godoro limelowa, simu yenyewe ameazima. Anakuja kukaa kwetu mpaka mvua ziishe. Nimesema karibu. Ningesema nini?

4 Machi

Amefika na begi moja. Tumempa chumba kidogo cha nyuma, kwa sababu hatuna kingine. Kile chumba ndicho chenye kompyuta yangu.

Mchana mimi nasaga lenzi kwenye karakana ya miwani, nikitoka hapo masikio yananguruma mpaka nyumbani. Jioni naingia chumba cha nyuma, navaa hedifoni, nakuwa mtu mwingine. Tuko wengi, tumetawanyika kila mtu na kwake, tunarusha ndege za kwenye kompyuta. Wengine ni marubani. Wengine, kama mimi, ni waongozaji: tunakaa mbele ya rada ya kwenye skrini tukiwaambia marubani nani atue, nani asubiri, nani apande juu. Ndege hazipo, adabu ipo. Rubani akipewa agizo analirudia neno kwa neno, asiporudia, hatui. Na tunaongea Kiswahili tupu, ndiyo fahari yetu. Mle ndani naitwa Miwani, na nikisema ngoja, watu wazima wanangoja.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Husema, "Mimi nahangaika na magari yanayogonga kweli, mwenzangu anahangaika na ndege zisizogonga chochote." Namwacha.

7 Machi

Wifi amekaa nyuma yangu jioni nzima akiuliza maswali. Mazuri, kwa bahati mbaya.

Halafu tumecheka. Mtandao ulikatika, nikaandika kundini, "Samahani, wifi imekatika." Mwoka Mikate, rubani wetu mmoja ambaye kweli ni mwoka mikate, akajibu, "Pole, mazishi lini?" Kwa mdomo waifai ni waifai na wifi ni wifi. Kwa maandishi ni neno moja, mpaka usome linalofuata ndiyo ujue kimekatika kifaa au amekatika mtu. Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. Nikampenda hapo hapo, niandike ukweli.

12 Machi

Nimemkalisha kitini kwa mara ya kwanza, kiwanja kidogo, jioni isiyo na watu. Alikuwa mpokezi wa wageni hotelini kabla hoteli haijafungwa, na sauti ile hajaiacha huko. Alisema tu, "Karibu, endelea kushuka," na Mwoka Mikate akaacha kurudia agizo akauliza, "Huyo nani? Nikitua napewa na chumba?"

Hewani wote wakacheka. Mimi nami nikacheka, kwa meno.

13 Machi

Mvua.

15 Machi

Karakana, kisha nyumbani. Nimemkuta kitini. Alinyanyuka haraka, "Pole wifi, nilikuwa nakuwashia tu." Kiti kilikuwa cha moto.

21 Machi

Mkuu wa Anga, kiongozi wa kundi letu, ametangaza Msafara. Yeye kwa kazi ni daktari wa meno, na anaongea kama anavyong'oa, kwa upole na bila kurudi nyuma. Msafara hufanyika masika yakiisha: marubani wote siku moja, kiwanja kimoja, ndege zinamiminika kama nzige. Mnara Mkuu, kiti cha anayewaongoza wote kutua, hukaliwa na mtu mmoja tu. Kila mwaka nimepewa viwanja vya pembeni, nikipanga foleni ya watu wanaokwenda kutua kwa mwingine. Mwaka jana Mkuu mwenyewe aliniambia, "Miwani, mwaka ujao ni zamu yako." Mwaka ujao ndio huu.

Nimemwambia mume wangu. Akasema hongera bila kutoa macho kwenye mpira.

26 Machi

Kila mtu anamtaka mwanafunzi wangu. "Binti yuko leo?" "Binti ataingia saa ngapi?" Hawaniulizi mimi kama nitaingia. Mimi ni kama mlango sasa, wanagonga ili afungue mwingine.

Na anajua. Anajifanya hajui, anajua.

29 Machi

Nimeacha kumwita wifi hewani. Namwita "mwanafunzi". Mwanafunzi asogee, mwanafunzi asubiri. Heshima ya undugu ni ya nyumbani, kazini ni kazi.

Yeye hajaacha. Kila sentensi wifi: "Subiri nimuulize wifi." "Wifi amesema mshuke." "Wifi ndiye aliyenifundisha." Marubani nao wameokota. Leo watatu wameniita Wifi, jina la Miwani wamelizika. Watu wanasema ana adabu sana. Mimi naona anajipamba kwa jina langu.

3 Aprili

Ugali umeungua kwa sababu yake. Alikuwa anaongea na Mkuu. Walikuwa wanacheka nini, watu wa rada?

8 Aprili

Mume wangu leo amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akamsikiliza dada yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hivi ndivyo mnavyofanya? Mbona ni kazi ya maana."

Miaka yote hii nimekaa kiti kilekile, mlango uleule, na hajawahi kusimama pale hata kwa muda wa kuvaa viatu. Nimempakulia chakula bila kumtazama. Aliuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

9 Aprili

Kichwa kimepona. Roho ndiyo bado.

14 Aprili

Upepo mkali wa kwenye mchezo, ndege tano zinataka kutua pamoja, mmoja wao rubani mgeni aliyeanza kubabaika. Mimi nilikuwa kitini. Nilimwambia azunguke na kusubiri. Akakosea kurudia, nikamsahihisha. Akakosea tena. Nikamkemea, na hiyo ni haki yangu, sheria ni sheria. Akazimika kabisa, yaani alitoka, akaondoka na ndege yake.

Mwanafunzi alikuwa nyuma yangu. Akasema taratibu, "Wifi, ungemwacha apumue kwanza."

Nilivua hedifoni nikamwambia, "Kaa basi wewe, umpumulishe."

Akakaa. Akamwandikia yule mgeni pembeni, akambembeleza akarudi, akamshusha kama anayemtoa mtoto bafuni. Watu wakapiga makofi hewani. Nikaenda kuanua nguo zilizokuwa tayari zimelowa.

20 Aprili

Mvua. Mtandao unakatika kila baada ya chai. Mtu wa kampuni amekuja, ameangalia waya, ameangalia mawingu, ameondoka.

24 Aprili

Mkuu amenipigia mwenyewe. Alianza kwa kunisifu, nikajua.

"Wifi, samahani, Miwani, nataka nikuulize kabla sijatangaza. Mwaka huu marubani wanamwomba binti kwenye Mnara Mkuu. Ni matunda yako. Utakuwa nyuma yake, unamshauri. Unaonaje?"

"Wewe si uliniambia zamu yangu?"

"Nilisema. Lakini zamu si sawa na uwezo, wifi."

Hata yeye, wifi. Nikasema sawa. Nikasema hata asante. Kisha nikakaa chooni na bomba likiwa wazi ili wasinisikie. Nilimkaribisha sebuleni, sasa ananionyesha mlango wa nje. Ni mtoto wa juzi! Miezi miwili iliyopita alikuwa hajui kulia ni wapi kwenye rada!

Aliposikia, alinikumbatia. "Ni chako, wifi, mimi nakaa tu." Mikono yangu ilibaki imening'inia.

25 Aprili

Nimesaga lenzi mbili kinyume. Msimamizi akauliza kama mteja ana macho kisogoni.

27 Aprili

Leo karakana ilifungwa mapema, maji yameingia chini ya mashine. Nimerudi nyumba haina mtu. Mwanafunzi alikuwa ameenda kumfuata mwenye nyumba wake kuhusu paa. Kompyuta ilikuwa wazi kwenye kundi letu. Tangu simu yake ife maji anaandika kupitia akaunti yangu, Nyumba ya Miwani, na kwa kuwa mimi mchana siko, kila kinachoandikwa mchana kwa jina hilo ni chake.

Mkuu alikuwa amemtaka kila mtu aseme hali ya mtandao wake kwa ajili ya Msafara. Swali la kawaida, na kweli mtandao wetu masika haya ni wa kuombewa dua. Nikaketi kumjibu. Sitajidai kuwa nia yangu ilikuwa safi. Nilijua nyumba yetu ikionekana haina mtandao, kiti kinaweza kwenda nyumba nyingine, na kama mimi nimekikosa basi tukikose wote. Nilitaka kuandika: Wifi haifai kwa Msafara.

Kilichotoka: Wifi hafai kwa Msafara.

Herufi moja imeruka. Nilipoona, ujumbe umeshakwenda. Haifai ni kitu, hafai ni mtu, hata mtoto wa chekechea anajua. Kufuta ni kubonyeza tu. Niliweka kidole pale pa kufutia. Nikausoma tena ule ujumbe. Nikausoma tena, na ukanipendeza. Kidole ndicho kilichoangusha ile herufi, lakini aliyekataa kuiokota ni mimi.

Nikaenda kuosha vyombo. Nilikuwa naimba, Mungu anisamehe.

28 Aprili

Nitaandika polepole, kwa mpangilio.

Jioni ni mkutano wa kila Jumapili, wote tunasikilizana kwa sauti. Mimi nilikuwa kitini, mwanafunzi kando yangu, spika zimefunguliwa. Mume wangu alikuwa mlangoni. Siku hizi ni mlangoni kwake. Nilikuwa nangoja Mkuu aseme, "Mwalimu wake mwenyewe anasema hafai." Nilikuwa nimeshaandaa sauti ya huzuni.

Mkuu akaanza, "Jana mchana tumepata ujumbe kutoka Nyumba ya Miwani. Sote tunajua mchana nani anaandika pale, maana mwenyewe yuko karakanani. Na sote tunajua kwenye nyumba ile anayeitwa Wifi ni nani."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimeandika mchana.

"Binti," Mkuu akasema, "kiti tumekupa. Kulikuwa na haja gani ya kumwandika mwalimu wako hadharani kwamba hafai? Amekuweka kwake, amekufundisha, na hujamsikia hata siku moja akikusema. Mimi hapo sipo. Mnara Mkuu atakaa Wifi mwenyewe. Miwani, pole sana."

Na wengine wakafuata, pole Wifi, pole Wifi, Mwoka Mikate akasema fadhila za punda ni mateke.

Katika kichwa changu wifi alikuwa mmoja, yeye. Nilisahau kwamba wifi ni neno la kurudishiana: mimi ni wake kama yeye alivyo wangu. Na hewani mimi ndiye niliyelikataa nikamwachia yeye alitumie kuniita mimi, mpaka likawa langu peke yangu.

Mwanafunzi akasimama. "Kaka, mimi sijaandika kitu."

Mume wangu hakumsikia. Sijawahi kumwona vile. "Umekuja hapa huna hata pa kuweka kichwa! Huyu mwanamke amekufungulia chumba chake! Unamlipa kwa kumtukana mbele ya watu? Unaniaibisha mimi?" Alisema mengi. Mengine siyaandiki.

Mwanafunzi akanigeukia. Alikuwa bado hajaelewa, alinigeukia kama mtu anayemtazama shahidi wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, ningeweza kuisema yote mara mbili. Nikainama nikaanza kukunja waya wa hedifoni.

Nilipoinua macho, alikuwa ameelewa.

"Samahani, kaka," akasema. "Nimekosa. Yaishe."

29 Aprili

Nimepata nilichokitaka. Nimeamka nikakikumbuka, nikangoja furaha. Labda imechelewa kwa sababu ya mvua.

1 Mei

Nimemkuta jikoni anamenya viazi. Nikafunga mlango.

"Kwa nini ulikubali?"

Hakuacha kumenya. "Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema ukweli."

"Niseme mke wa kaka ni mwongo, ndani ya nyumba ya mke wa kaka? Halafu nilale wapi? Mwenye nyumba hajapata hata bati moja." Akachukua kiazi kingine. "Wewe ukigombana na mimi, utaninunia. Mimi nikigombana na wewe, nitanyeshewa."

Nilidhani alikuwa amenifichia kwa wema. Ningependa iwe wema. Wema ningeweza kuuonea wivu.

4 Mei

Mume wangu haongei na dada yake. Anamwambia kupitia kwangu, "Mwambie apunguze taa." Mimi namwambia, "Kaka anasema upunguze taa." Yuko hapo hapo mezani.

Mimi amenizidishia upole. Ananiletea maji ya kunawa. Kila nikinawa, mikono inaona aibu.

6 Mei

Mtandao umetengenezwa. Ni waya uliokuwa umelegea tu.

9 Mei

Leo haikunyesha. Kesho Msafara. Mwanafunzi amepiga deki chumba cha nyuma bila kuambiwa, amefuta skrini, amenisogezea kiti. Kisha amehamishia shuka zake jikoni ili asinisumbue.

10 Mei

Walianza kuja mchana, jua likiwa kali. Rada ilijaa vidoti. Sijawahi kuona vingi vile vikinielekea mimi. Nilikuwa mzuri, nijisifu, hakuna wa kunisifia leo. Nilishusha mmoja, wa pili, nikawapanga wengine kwenye duara la kusubiri juu ya kiwanja, kila mmoja ngazi yake. Wote wanarudia maneno yangu neno kwa neno.

Tatizo ni kwamba kila anayeingia ananipa pole kwanza. "Mnara Mkuu, pole kwa yaliyokukuta." "Mnara Mkuu, nyoka wa nyumbani ndiye mbaya." Mwoka Mikate akaingia na bashasha zake: "Wifi, yule binti umemfukuza, au bado anakula chako?"

Sheria ya mnara ni kusema kweli kwa ufupi. Nikasema, "Vituo vyote, hapa Mnara Mkuu. Ule ujumbe niliandika mimi. Nilitaka kuandika haifai, mtandao, herufi ikaruka. Nikaiona na nikaiacha makusudi, kwa wivu. Binti hakuandika chochote. Rudieni."

Nikadhani mtandao umekatika.

Kisha Mkuu, kwa sauti ile ya upole: "Mnara Mkuu aliandika mwenyewe. Binti hakuandika chochote. Nimepokea." Na mmoja mmoja, wote waliokuwa juu wakarudia. Mgeni yule niliyemkemea Aprili alirudia wa mwisho, bila kukosea hata neno.

Mkuu akasema, "Kuna watu wanazunguka huku juu, Miwani. Mpe kiti."

Nikaenda jikoni. Alikuwa anapiga pasi shati la kaka yake.

"Nenda kakae. Wanakusubiri."

"Wananisubiri mimi?"

"Nimewaambia wote. Kila kitu. Wamerudia."

Aliweka pasi kando. Nilidhani atalia, au atanikumbatia kama ile siku, na safari hii mikono yangu ilikuwa tayari. Akaniuliza, "Na kaka?"

Sebuleni kulikuwa na kelele za mpira.

"Kaka nitamwambia. Nenda kwanza, watu wako angani."

"Hao wa angani siishi nao, wifi." Akachukua pasi tena. "Wakiishiwa mafuta hakuna atakayekufa. Mimi wiki mbili nakula kwa kuinamisha kichwa."

Nikasimama pale. Nilikuwa nimewaambia watu nisiowajua sura, wenye majina ya utani, na nikajiona jasiri. Toka jikoni mpaka sebuleni ni hatua chache, na miguu haikutaka.

Nikaenda. Nikasimama mbele ya televisheni. Mume wangu akanyoosha shingo ili aone pembeni yangu, kisha akaniona mimi. Nikamwambia. Haikuwa kwa ufupi, na nililia, nilirudiarudia, nilianza na mtandao, nikamaliza na ile siku aliyosimama mlangoni kumsikiliza dada yake, kwamba ilianzia pale. Akaizima televisheni.

Hakupiga kelele. Kelele zote alizimaliza kwa mtu asiye na kosa. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Nilipokuwa namfokea, wewe si ulikuwa umekaa pale pale?"

"Nilikuwa pale pale."

Alinitazama kama vile nami ni mgeni aliyeletwa na mvua. Akanyanyuka akanipita, akaenda jikoni, akafunga mlango. Nilisikia wanaongea, sikusikia wanasema nini, na haikuwa haki yangu kusikia.

Baada ya muda hatua zake binti zikapita kwenda chumba cha nyuma. Kiti kikalia. Kisha ile sauti ya hotelini, haina haraka, haina kinyongo: "Vituo vyote, hapa Mnara Mkuu. Asanteni kwa kusubiri. Wa kwanza, karibu, endelea kushuka." Mume wangu alitoka jikoni akaenda kusimama mlangoni mwake.

Mimi nilibaki sebuleni mbele ya televisheni iliyozimwa, nikisikiliza anavyowashusha mmoja mmoja. Alikuwa mzuri kuliko mimi. Na uchungu uleule ukanipanda tena kifuani, hapo hapo, machozi ya toba hayajakauka usoni.